Joka la Mjomba

Nilitoka Tabora kwa treni, behewa la daraja la tatu, na kabla hatujafika Itigi watu wawili walikuwa wameshapigana kwa ajili ya jogoo. Jogoo alikuwa wa bwana mmoja aliyekuwa akienda arusini Morogoro. Alimfunga miguu akamlaza chini ya kiti. Bwana wa kiti cha mbele, aliyevua viatu ili apumzishe vidole, akadonolewa kidole gumba. Akampiga jogoo teke. Mwenye jogoo akampiga yeye kichwa cha pua. Damu ilimrukia mama mmoja aliyekuwa akila muwa, na mama yule, bila hata kusimama, akawachapa wote wawili kwa kipande cha muwa mpaka wakaachana. Karibu na Kilosa tulikwama siku mbili kwa sababu maji yalikuwa yamekula tuta la reli. Arusi ikapita bila jogoo. Akachinjwa hapo hapo kando ya reli, na wale waliopigana wakamla pamoja, mmoja akiwa na pamba puani.

Nilidhani napita tu. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mahali zaidi ya misimu miwili: Kahama, Mpanda, Tunduma, kisha nyumbani kumwona mama, kisha njia tena. Miguu yangu huwasha. Morogoro mjini nilikuta lori linakwenda Mgeta kuchukua kabichi na linatafuta mtu wa kupakia, nikapanda. Tulipita Mzumbe, tukapita Mlali, halafu barabara ikaanza kujikunja na dereva akawa ananyonga usukani kama anamkaba mtu anayemdai roho yake. Utingo alitapika. Nikamcheka, na kona iliyofuata nikatapika mimi. Nilipanga kukaa wiki moja. Nilikaa miaka tisa.

Kilichonikalisha ni mwanamke. Alikuwa na matuta ya karoti kwenye mteremko ambao ukidondosha jembe unakwenda kuliulizia kwa jirani wa chini. Mimi ni Mnyamwezi, wao ni Waluguru, na sisi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo tulianza kwa matusi. Siku ya kwanza nilifunga tenga lake vibaya, akaniambia, "Mtani, mmezoea kubeba pembe za ndovu nyie, mboga hamzijui." Nikamjibu kwamba karoti zake ni nyembamba kama vidole vya marehemu babu yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata tulikuwa nyumba moja, na tukapata binti.

Siku binti alipozaliwa ndipo nilipomjua vizuri shemeji, kaka wa mama wa mtoto. Alikuja na mzigo wa kuni na ndoo ya maharage, akanisalimia, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu na kutoka naye nje. Akamwonyesha milima. "Pale petu. Na pale. Mpaka kule kwenye migomba, petu." Mimi nilibaki mlangoni nimeinua mikono mitupu kama mtu aliyeporwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo, ambao wao huuita lukolo, hupitia kwa mama, shamba nalo hivyo hivyo, na mwanaume mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba wake. Baba ni mgeni mwema. Nilikuwa nayajua hayo kama mtu anavyojua kwamba moto huunguza kabla hajaungua.

Binti alipofika miaka saba, mama yangu akaanza kuugua, na kila aliyempigia simu alimtuma aniambie nimlete mjukuu. Miguu nayo ilikuwa imeanza kuwasha. Nilitaka kuondoka na mwanangu. Sisemi kumtembeza na kumrudisha. Kuondoka naye, asome Tabora, akulie kwetu. Mama yake akasema, "Mimi hapo sina kauli. Ongea na kaka." Nikaongea na kaka. Alikuwa anapiga dawa nyanya, bomba mgongoni, wala hakulitua.

"Mtani," akasema, "jogoo hadai vifaranga."

Akaendelea na mstari uliofuata. Kuanzia siku hiyo nikawa namchukia, na kumchukia kukawa na raha yake.

Sasa niseme habari ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea filamu. Kilikuwa nyuma ya soko: kuta za mbao, mabenchi, televisheni moja bapa, na spika ambayo ikinguruma vumbi linadondoka kwenye kenchi. Mwenye banda alikuwa mama mjane mwenye sauti ya kusimamisha malori. Filamu nyingi zilikuja kwenye flashi zikiwa zimeshatiwa Kiswahili na watafsiri wa mjini, lakini katuni mpya zilikuja zikiwa na Kiingereza chao. Jumapili moja watu walikaa nusu saa wakipiga kelele, "Anasemaje huyo?" Nikasimama na kidato cha nne changu nikasema anasemaje. Kuanzia hapo nikapewa maiki. Kazi ile haihitaji Kiingereza kingi. Unashika neno hapa, unashika kofi pale, katikati unajaza mwenyewe. Unamchokoza mtu wa benchi la pili, naye anakujibu, na filamu inasubiri.

Ilikuwapo katuni moja ya joka ambayo watoto waliirudiarudia mpaka flashi ikachoka. Msichana mdogo, aliyefiwa na mama, binti wa mhunzi mwenye jicho moja, anaokota yai mlimani. Linatoka joka dogo lenye bawa moja bovu. Sehemu ile ya kwanza ilikuwa uji wa mgonjwa: nyimbo nyingi, na hakuna aliyekufa ila mbuzi. Lakini sehemu ya pili, iliyopanda kutoka mjini Jumamosi moja ndani ya soksi ya utingo, ilikuwa jambo lingine kabisa. Waliichora watu waliokuwa na hasira na kitu fulani. Dakika ya nne daraja linavunjwa. Dakika ya sita farasi wanarushwa hewani kama magunzi. Joka limekua, linapiga chafya ya moto, na kila chafya paa la mtu linakwenda. Mpaka leo nasema ni sehemu bora, na sababu yangu ni hiyo hiyo: ngumi. Mtoto akitazama katuni isiyo na ngumi analala, mimi pia nalala.

Niliitazama nusu saa ya kwanza kwenye simu ya mwenye banda, chaji ikaisha. Nilichokiona kilinitosha. Yule msichana, kumbe mama yake marehemu alikuwa na kaka. Kaka ana ngome ya mawe na majoka meusi kumi na mawili, na anakuja kumchukua mtoto wa dada yake.

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani.

Kesho yake, baada ya misa, banda lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mabenchi ya kulia walikaa wenyeji, ya kushoto sisi wa kuja: makuli, madereva, fundi baiskeli wa Kipare. Haikupangwa, ndivyo tulivyozoea. Mama mkwe alikuja pia, amevutwa na mjukuu. Shemeji alikaa benchi la tatu, binti yangu amempakata.

Nikampa yule mjomba wa kwenye katuni sauti ya shemeji. Kikohozi chake kidogo kabla ya neno, ule mtindo wake wa kuanza kila jambo na "sasa basi". Mhunzi nikampa sauti yangu. Niliamini kwamba mtu yeyote mwenye macho atamchukia yule mjomba. Amevaa nyeusi juu mpaka chini. Majoka yake yanadondosha mate yanayotoboa mawe. Amefika, ameunguza ua, ameunguza banda la kuku, mbwa anakimbia mkia ukiwaka, naye anasimama mlangoni kwa mhunzi.

"Kheh-kheh. Sasa basi," nikasema. "Mtoto wa dada yangu yuko wapi?"

Upande wote wa kulia ukapiga makofi.

"Mwenyewe kaja!" mzee mmoja akasema.

"Na kaja kwa adabu," akasema mwingine. "Kabisha hodi."

"Kabisha kwa moto!" akafoka kuli mmoja wa kwetu.

"Hata kama. Kabisha."

Mhunzi akatoka na nyundo. Akampiga joka la kwanza la mjomba kati ya macho, fuvu likalia kama kengele ya kanisa, na upande wetu wote ukasimama. "Mpasue! Mpasue!" Upande wa pili ukawa unatuuliza kama tunajua huyo mhunzi alihamia lini hapo na shamba analolima ni la nani. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba mtu akiolewa kijiji cha watu asirushe nyundo. Nilikuwa natokwa jasho. Nilikuwa nimeandaa adui, na nusu ya banda inamshangilia.

Mbaya zaidi, shemeji alikuwa anacheka. Alishaitambua sauti yake na imempendeza. "Sema mjomba, sema!" alikuwa anapaza, na binti yangu mapajani mwake anapiga makofi.

Hapo nikaacha kutafsiri. Kwenye skrini mhunzi alikuwa ameinamia nyundo yake, anahema, hajafungua hata mdomo. Mimi nikamfungulia. "Mwizi wa watoto!" nikasema kwenye maiki. "Wa kwako wako wapi? Si wamechukuliwa? Si wako Mkuyuni kwa wajomba zao, unapita unawachungulia kama mgeni? Umeshindwa kulea wako, unakuja kulea wangu!"

Katuni haina Mkuyuni. Kila mtu mle ndani alijua Mkuyuni ni ya nani. Shemeji na mkewe walishaachana, na wanawe wawili walikwenda na ukoo wa mama yao, upande wa pili wa mlima.

Kicheko chake kilikatika. Akamshusha binti taratibu, akamkabidhi bibi yake, akaruka mabenchi mawili.

Ngumi ya kwanza ilinikuta maiki ikiwa mdomoni, nayo ikapitisha sauti ya jino langu kuvunjika kwenye spika. Banda zima lilisikia. Nikampiga na maiki yenyewe sikioni. Akanishika shingo, tukaangukia benchi la mbele, benchi likakatika, na waliokuwa wamelikalia wakaamka kila mmoja akiwa na adui wake tayari. Fundi baiskeli alimng'ata mtu bega. Yule mzee aliyesifu adabu ya mjomba alikuwa anachapa kila mguu uliopita mbele yake kwa fimbo yake ya kutembelea, bila upendeleo. Watoto walitolewa kupitia dirishani kama matenga. Na juu yetu filamu inaendelea: joka la bawa bovu limemrukia joka jeusi, kucha tumboni, moto, mayowe, sikujua tena mayowe yapi ni ya kwenye spika. Shemeji alinirushia ngumi nikainama, ikapiga nguzo. Nilisikia mfupa. Alitazama mkono wake kama wa mtu mwingine, kisha akanipiga na ule wa pili.

Mwenye banda alimaliza kwa ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Ilitupata sisi, ikapata na televisheni. Ikalia "tsss", ngome ya mjomba ikazimika ikiwa inawaka.

Jioni mama wa mtoto aliweka sufuria ya maji ya moto uani, akanikalisha mimi huku na kaka yake kule, akawa anatukanda kwa zamu kwa kitambaa kimoja. "Mnagombania mtoto," alisema. "Mimi niliyemzaa nakanda manundu." Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage, na yeye alikuwa na lake kuhusu filamu.

"Waongo waliotengeneza ile," akasema. "Nyoka mkubwa kiasi kile hatemi moto. Nyoka mkubwa ni wa maji. Ndiye analeta mvua. Angetema moto karoti mngelima wapi?"

Nilitaka kucheka, mdomo ukakataa.

Asubuhi, kabla watu hawajaamka vizuri, nilifanya nilichokuwa nimekikusudia. Nilimshika binti mkono, begi lake la shule mgongoni, nikashuka naye njia ya mashambani kwenda lilikosimama lori. Nilimwambia tunakwenda kumwona bibi wa Tabora. Mama yake alikuwa ametangulia mtoni. Umande ulikuwa mwingi, tunateleza, yeye anafurahi. Tulipokata ukingo wa kabichi za jirani, shemeji alikuwa amesimama katikati ya njia. Mkono umefungwa kanga ya dada yake, jicho moja limevimba limefungika, kama yule mhunzi.

Njia ile inapitisha mtu mmoja. Kushoto ukuta wa udongo, kulia mteremko. Niliokota jiwe la kuenea kiganjani.

"Pisha."

Hakupisha. Hakuinua hata ule mkono mzima.

"Piga," akasema. "Ila mtani, wangu wawili wako Mkuyuni kama ulivyotangaza. Siku wanachukuliwa nilisimama hivi njiani. Unafikiri Mgeta ilikuwa haina mawe?"

Nilikuwa nimelenga pale kwenye kikohozi chake, kooni. Nilijua nikimpiga pale atakwenda chini na mteremko wote ule, na sitajifanya kwamba sikutaka. Nilitaka. Binti alikuwa bado amenishika ule wa pili, anatutazama kwa zamu, mimi nimekosa jino na mjomba wake amekosa jicho. Sijui kwa nini badala ya kurusha nilimuuliza yeye. Labda nilikuwa nataka shahidi.

"Mama," nikamwambia, maana binti yangu ana jina la mama yangu na ndivyo nilivyozoea kumwita, "jana ulipenda joka lipi?"

Hakufikiri hata kidogo.

"La mjomba."

"Lile jeusi?"

"Yako mengi yale. Halafu yanaruka vizuri. La baba lina bawa bovu."

Alisema kama mtu anayeeleza karoti ipi ni kubwa. Shemeji akatazama chini. Angecheka wakati ule, ningerusha. Hakucheka. Nililiachia jiwe, likaviringika mteremkoni, likaruka tuta moja na la pili, likapasua kabichi ya jirani kwa kishindo, na kutoka huko chini sauti ikatutukana kwa Kiluguru ukoo mzima, wangu na wao. Binti akacheka sana. Akaniachia mkono akaenda kuona kabichi iliyopasuka.

Kikao cha ukoo kilikaa siku hiyo hiyo na kikasema nilichojua kitasema: mtoto anabaki, baba aje akipenda, alale, ale. Mama wa mtoto nilimwomba tuondoke wawili. Akauliza nani atabaki na huyo wa tatu. Akaniuliza na mimi kama naweza kubaki. Nilisema ndiyo, na wote wawili tuliitazama miguu yangu.

Ile filamu nimeitazama mpaka mwisho baadaye, mara tatu, peke yangu, kwenye simu. Mwisho wake ni wa hovyo. Baada ya kuchomana saa nzima, mhunzi na mjomba wanapeana mikono, kila mtu anacheza, majoka nayo yanacheza, na hakuna mwenye hata kidonda. Wachoraji hodari, lakini kumaliza ugomvi hawajui. Angalau mtu mmoja angekosa jino.

Niliondoka Alhamisi, asubuhi, kwenye lori lililojaa kabichi mpaka juu ya ubao. Nilijua sirudi, mtu anayerudi huacha koti, mimi nililibeba. Shemeji alinipandishia begi mwenyewe kwa mkono wake mmoja, akalichomeka kati ya matenga, akalijaribu kama limekaa.

"Mtani," akasema, "sehemu ya tatu ikitoka?"

"Tafuteni anayejua Kiingereza."

Mama wa mtoto alinipa viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, akaondoka kabla lori halijawashwa, mgongo wima, anapanda kwenye karoti zake bila kugeuka. Binti aliniambia "Shikamoo baba" kama tunavyoagana kila siku akienda shule. Nikamwitikia. Halafu akampanda mjomba wake mabegani, ili anione vizuri huko juu nilikokaa.

Lori lilipoanza kushuka alinyoosha mikono, akawa anaipiga hewani na kutema moto kuelekea kwetu. Anangurumia malori yote. Shemeji akawa anakimbia naye pembeni ya barabara, ule mkono wa kanga ukining'inia, ili joka liruke. Nilitazama mabawa yake. Yote mawili mazima.

Kwenye kona ya kwanza kabichi moja ikaruka kutoka kwenye tenga, na utingo akanipigia kelele, "We mzee, umelala? Shika mzigo!" Nikashika mzigo.